Kigae Hakinywewi Chai

Glezi ninayopaka vikombe vyangu siku hizi ina vitu vitano. Vitatu vinapatikana huku huku Nyanda za Juu Kusini: pumisi ya Rungwe, mawe ya chokaa ya Songwe na majivu ya pumba za mpunga wa Kyela. Viwili vilivyobaki, kaolini na talki, naletewa kwa basi kutoka Dar es Salaam. Ndani ya ndoo ni tope la kijivu lisilomvutia mtu. Ikitoka kwenye joko inakuwa na rangi ya asali, nzito pale ilipotuama chini ya kikombe, nyepesi kwenye ukingo ambako udongo mwekundu unachungulia. Imenichukua miaka kuifikisha hapo, na sehemu kubwa ya miaka hiyo sikuwa natafuta uzuri. Uzuri ulikuja mapema tu. Kilichochelewa ni uaminifu: glezi ya leo ifanane na ya mwaka jana, isipasuke, isiachie kitu chochote ndani ya chai ya mtu.

Kwetu vyungu havipakwi glezi. Mama yangu ni Mkisi, na Wakisi wa ufukwe wa Ziwa Nyasa wanajulikana kwa ufinyanzi tangu zamani. Ukivuka kwa mtumbwi kutoka Matema hadi Ikombe utakuta wanawake wanafinyanga bila gurudumu, wanasugua vyungu kwa kokoto laini mpaka ving'ae, kisha wanavichoma nje, juu ya ardhi tupu, kwa kuni na nyasi. Moto wa namna hiyo hauchukui muda mrefu na kwa kawaida hauvuki nyuzi 900 za Sentigredi. Vyungu vikipoa vinapangwa kwenye mitumbwi kwenda sokoni Matema, na kutoka hapo vinasambaa mkoa mzima.

Nilipompelekea bibi kikombe changu cha kwanza chenye glezi, alikizungusha mkononi, akakigonga kwa kucha, akasikiliza.

“Mjukuu wangu, umekigeuza chupa.”

“Ni cha chai, Bibi.”

“Cha chai sawa. Lakini mtungi usije ukaupaka hii. Maji yatapoaje?”

Alikuwa amesema jambo ambalo baadaye nililikuta limeelezwa kwa kurasa nyingi vitabuni. Mtungi unapoza maji kwa sababu unatoka jasho: maji yanapenya kwenye vitundu vya udongo, yanafika nje, yanakauka kwa upepo na kuondoka na joto. Chungu cha kupikia kinastahimili moto wa mafiga kwa sababu udongo wake umelegea, una vitundu na chembe za mchanga zinazokipa nafasi ya kutanuka na kusinyaa. Ukiviziba vyombo hivyo kwa kioo, umeviharibia kazi. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na miradi inayofika vijijini na wazo la “kuboresha” vyungu vya akina mama kwa kuvipaka glezi. Glezi inayoyeyuka kwenye moto mdogo kiasi kile kwa kawaida inahitaji boroni, ambayo ni ghali, au risasi, ambayo ni sumu. Kule Mexico wafinyanzi wa vijijini walirithi glezi ya risasi kutoka enzi za Wahispania, na mpaka leo watu wanaendelea kupata madhara kutokana na vyombo hivyo, hasa watoto. Chungu cha Ikombe hakina tatizo hilo. Kiachwe.

Kikombe cha chai ni habari nyingine. Kisipozibwa kitafyonza maziwa, na baada ya wiki moja kitanuka. Hapo glezi ina kazi, na hapo ndipo nilipoanzia.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuchungulia ndani ya joko: glezi ni kioo kilichoyeyukia juu ya udongo kikashikamana nao. Kioo kinatokana na silika, ile iliyomo kwenye mchanga mweupe. Lakini silika peke yake haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 1,700, na joko langu la umeme likiwa na afya njema linaishia 1,250 hivi. Kwa hiyo silika inatafutiwa viyeyushi vya kuishusha: chokaa, soda, potashi, magnesia. Ikishayeyuka inahitaji kitu cha kuizuia isitiririke yote sakafuni, na kitu hicho ni alumina, iliyomo ndani ya udongo wenyewe. Kazi nzima ya glezi ni kupatanisha hao watatu. Mjerumani Hermann Seger ndiye aliyewafundisha wafinyanzi kuwahesabu kwa molekuli badala ya kuwapima kwa uzito tu. Yeye pia ndiye aliyetengeneza, mwaka 1886, vile vipembe vidogo tunavyoviita koni, ambavyo huinama ndani ya joko pale moto unapokuwa umemaliza kazi yake. Mpaka leo naamini koni kuliko saa ya joto iliyobandikwa ubavuni mwa joko. Saa inasoma joto la dakika hiyo. Koni inajua pia joto hilo limekaa muda gani.

Nilianza kwa kuazima fomula. Ipo moja inayojulikana sana, inayohusishwa na Mwingereza Bernard Leach: feldispa sehemu 40, kwatzi 30, chokaa 20, kaolini 10. Ni rahisi kuikariri, na kwenye joko linalokaribia nyuzi 1,300 inatoa glezi safi inayopitisha nuru. Kwangu ilitoka kavu, nyeupe, inakwaruza mdomo. Sababu mojawapo ilikuwa wazi: joko langu halifiki huko. Nyingine ilijificha kwenye neno “chokaa”. Fomula inataka kalsiamu kaboneti, yaani jiwe la chokaa lililosagwa likiwa bichi. Duka la vifaa vya ujenzi linauza chokaa ya kupaka ukuta, ambayo imeshachomwa na kuzimuliwa kwa maji. Gramu 100 za jiwe bichi zikichomwa hubaki gramu 56 za kiyeyushi chenyewe. Kwa chokaa iliyozimuliwa unafikia gramu hizo hizo 56 kwa kupima 74 tu. Juu ya hapo, ile iliyozimuliwa inafanya glezi igande ndani ya ndoo mpaka mwiko usimame wima. Basi nilihamia kwenye jiwe bichi la Songwe, eneo ambalo kiwanda cha saruji kinachimba chokaa yake, nikawa nalisaga mwenyewe.

Feldispa nayo ilinisumbua. Mfuko mmoja ulikuwa na unga mweupe, uliofuata ulikuja na rangi ya waridi, na muuzaji aliniapia kuwa ni mzigo ule ule. Labda kwake ulikuwa ule ule. Kwenye moto haukuwa.

Pumisi nilikuwa nikipita nayo kila nilipokwenda Tukuyu bila kuifikiria. Kwenye kingo za barabara zilizokatwa kuna tabaka la vijiwe vyepesi vya rangi ya kijivu iliyopauka, vile ambavyo watu husugulia nyayo. Mlima Rungwe ulivitapika yapata miaka 4,000 iliyopita na vikafunika eneo kubwa la nyanda hizi. Kwa mfinyanzi, pumisi ni glezi ambayo mlima umeianza ukaiacha njiani: ina silika nyingi, ina alumina, ina soda na potashi, na ina chuma kidogo cha kutia rangi. Niliisaga kwa kinu, nikaiweka kijiko kimoja kwenye kisahani cha udongo, nikaichoma bila kuichanganya na kitu. Ilitoka kioo cha kahawia, kigumu, kilichojaa mapovu. Haikuwa glezi bado, lakini ilikuwa imeyeyuka bila msaada wa mtu. Kuanzia siku hiyo feldispa ya dukani sikuirudia.

Hapo ndipo majaribio ya kweli yalipoanza, na namna yake ni ya kuchosha kuliko inavyosikika. Unachukua vitu viwili, tuseme pumisi na chokaa, unavichanganya kwa ngazi: 90 kwa 10, 80 kwa 20, 70 kwa 30, kuendelea. Kila mchanganyiko una kigae chake chenye namba iliyoandikwa nyuma kwa oksidi ya chuma, maana kalamu ya kawaida inaungua ikapotea. Chokaa ilipokuwa chache, glezi ilibaki na mapovu. Ilipoongezeka kidogo, mapovu yalipasuka na uso ukatulia. Nikaongeza tena, nikitarajia itazidi kulainika kwa kuwa chokaa ni kiyeyushi. Ikakauka. Ikawa na uso wa unga. Mwanzoni nilidhani nimebadilisha vigae, nikarudia, ikatokea vile vile. Viyeyushi vina mpaka wake: mpaka ule ukivukwa, chokaa iliyozidi haina silika ya kushirikiana nayo, hivyo inajijengea fuwele na kufifisha uso. Jambo hilo nilikuwa nimelisoma. Nilielewa nilipoviona vigae vimepangwa mstari mmoja dirishani, kuanzia cha mapovu hadi cha unga, na kile kizuri katikati.

Vitu vikiwa vitatu, mstari unageuka pembetatu. Ukienda kwa ngazi za asilimia 20, pembetatu nzima ina vigae 21, na kila kimoja ni jibu la swali tofauti. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu huwa wanataka kuruka hatua hii. Wanataka niwape namba. Nawapa, sina siri: pumisi karibu nusu, chokaa kama moja ya tano, majivu ya pumba pungufu kidogo ya hapo, iliyobaki ni kaolini na talki. Lakini nawaambia pia kuwa namba hizo ni za jiwe langu na majivu yangu. Mtu wa Moshi au Kisumu akizitumia na jiwe la kwake atapata glezi nyingine kabisa, na asiponiamini acheze pembetatu aone.

Majivu ya pumba yanastahili kusimuliwa kwa utulivu, kwa kuwa ndiyo yaliyonipa taabu kubwa na ndiyo yaliyoniokoa. Kyela inalima mpunga, na mashine za kukoboa zinaacha vilima vya pumba. Wachoma matofali wanazichukua kama kuni, na wakimaliza tanuri wanaacha rundo la majivu ambalo hakuna anayelitaka. Majivu ya kuni za kawaida yana chokaa nyingi na potashi. Ya pumba ni kinyume chake, ni silika karibu yote, kwa kuwa mpunga huivuta silika kutoka ardhini na kuihifadhi kwenye ganda lake. Kwa hiyo nilikuwa na silika ya bure iliyokwisha kuwa laini. Nilifurahi mapema mno.

Kwanza yanaelea. Ukiyamwaga kwenye maji yanapanda juu na kukataa kulowa. Pili, yana masizi: pale moto wa matofali ulipokosa hewa, pumba zilibaki nyeusi, na kaboni hiyo ndani ya joko inatafuta njia ya kutoka kama gesi wakati glezi imeshayeyuka juu yake, ikiacha vitundu vya sindano kila mahali. Tatu, yanakunywa maji mengi, hivyo glezi ikikauka juu ya chombo inasinyaa, inapasuka, na kwenye moto vile vipande vinajikunja na kuacha mabaka ya udongo mtupu. Nilitoa sahani zilizoonekana zimeugua upele. Dawa yake ilikuwa kuyachoma majivu upya kwenye sufuria pana mpaka weusi uishe, kuyaosha, kuyasaga pamoja na pumisi yakiwa na maji, na kuyapitisha kwenye chekecheo laini. Nasisitiza yakiwa na maji. Majivu ya pumba yaliyokaa kwenye moto mkali yana silika iliyojigeuza fuwele, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Wachimbaji wa madini wanaujua ugonjwa unaoletwa na vumbi hilo. Karakana yangu haifagiwi, inapigwa deki. Anayeingia kusaga bila barakoa anarudishwa mlangoni, hata akiwa mgeni wa heshima.

Baada ya hayo nilikuwa na glezi nzuri. Kwenye kigae, yaani. Nikapaka seti ya vikombe, nikauza kwa mwenye mgahawa mmoja mjini, na kwa muda nilijiona nimefika. Miezi ilipita. Siku moja nilipita kunywa chai, yule mama akaniita pembeni kwa sauti ya chini, kwa adabu ya kutotaka kunifedhehesha mbele ya wateja.

“Fundi, hivi vikombe vyako vinazeeka haraka.”

Alinipa kimoja. Ndani yake kulikuwa na mistari myembamba ya kahawia iliyosambaa kila upande, chai imeingia kwenye nyufa zisizoonekana na kuzichora. Nyufa hizi zinatokea pale glezi inaposinyaa kuliko udongo wakati vyote vinapopoa. Udongo unakataa kufuata, glezi inavutwa mpaka inakatika. Soda na potashi ndizo zinazosinyaa sana, na pumisi imejaa zote mbili. Lakini swali lililonikalisha macho ni hili: mbona vikombe vilitoka jokoni vizima? Nilikuwa nimevikagua kimoja kimoja kwenye mwanga wa jua.

Jibu lilikuwa chini ya glezi. Nilichukua kipande cha udongo wangu uliochomwa bila glezi, nikakipima uzito, nikakichemsha kwa saa kadhaa, nikakifuta na kukipima tena. Kilikuwa kimekunywa maji mengi mno kwa chombo cha mezani. Udongo wenye vitundu kiasi hicho unaendelea kufyonza unyevu kila siku ya maisha yake, kupitia sehemu ya chini isiyopakwa, na unapofyonza unavimba, kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona lakini kioo kinasikia. Kikombe kinatoka jokoni kizima na kinachanika baada ya miezi, kikiwa tayari mikononi mwa mteja. Hakuna kigae cha majaribio kitakachokuambia hilo, kwa kuwa kigae hakinywewi chai, hakioshwi mara tano kwa siku na hakikai kwenye beseni la maji machafu mpaka jioni.

Marekebisho yalikuwa mawili. Udongo niliuchanganyia pumisi iliyosagwa, ukabana zaidi kwenye moto ule ule na kupunguza kiu yake. Kwenye glezi niliongeza majivu ya pumba na kuingiza talki. Watu wengi hudhani glezi iliyopasuka inahitaji kulainishwa, kumbe inahitaji silika zaidi, kile kitu kigumu kuyeyuka kuliko vyote, kwa sababu silika iliyoyeyukia ndani ya kioo hukipunguzia kusinyaa. Talki inaleta magnesia, ambayo ni kiyeyushi kisichosinyaa sana, ikachukua sehemu ya kazi ya soda. Tangu hapo kila toleo jipya linalala kwenye jokofu la kugandisha usiku mzima, asubuhi linamiminiwa maji yanayochemka, na zoezi hilo linarudiwa mpaka nichoke mimi au kisalimu amri kikombe. Yule mama nilimbadilishia seti yote. Alinilipa kwa ushauri: vipini viwe vinene zaidi, wahudumu wake wana haraka.

Kuna glezi moja niliyoiacha ambayo bado inanijia akilini. Nilikuwa nimechukua magamba meusi yanayotoka kwenye waya wa shaba ukichomwa, nikayasaga, nikayatia kwenye glezi ile ile ya asali. Kiasi kidogo kilitoa kijani cha kawaida. Nilipozidisha, ilitoka rangi ya kijani iliyokaribia nyeusi, yenye mng'ao wa metali kama bawa la mbawakawa. Kila aliyeingia karakana alikishika kigae kile kabla ya kingine chochote. Mfanyabiashara mmoja wa zawadi za watalii alitaka kuagiza mabakuli ya saladi papo hapo.

Nilikata kipande cha limau, nikakilaza juu ya kigae, nikakifunika mpaka kesho yake. Chini ya limau kulikuwa na duara lililofifia, limepoteza mng'ao. Maana yake asidi ilikuwa imeivuta shaba kutoka kwenye kioo. Kioo kina kiasi cha shaba kinachoweza kukishikilia. Kinachozidi kinakaa juu juu kikisubiri siki, ndimu au kachumbari. Mabakuli ya saladi! Mfanyabiashara alisema watalii hununua vitu vya kupamba tu, hawalii humo. Lakini bakuli likishatoka dukani hakuna anayeliamrisha. Litapewa mtu kama zawadi ya harusi, na litatiwa embe mbichi na pilipili. Sikuyatengeneza. Kigae kipo ukutani, kimepigiliwa msumari juu kabisa, mbali na mikono.

Jaribio la limau ni la jikoni na lina mipaka: linakamata glezi mbovu, haliwezi kuithibitisha iliyo nzuri. Glezi isiyobadilika rangi bado inaweza kuwa inaachia kitu. Kwa sababu hiyo, ndani ya vyombo vya kulia napaka glezi isiyo na shaba wala manganizi, na risasi haijawahi kuvuka kizingiti changu, hata ile ya betri kuukuu ambayo mtu mmoja alinishauri kwa nia njema kuwa “inang'arisha vizuri.” Inang'arisha kweli. Ndiyo hatari yake.

Hata baada ya yote hayo vigae viliendelea kunidanganya kwa njia nyingine. Nilikuwa navichoma kwenye joko dogo la majaribio, ambalo linapoa kabla ya alfajiri. Joko kubwa likijaa vyombo linapoa siku nzima na zaidi. Glezi ikipoa haraka inabaki kioo kinachong'aa. Ikipoa polepole inapata nafasi ya kuotesha fuwele ndogo, na mng'ao unageuka kuwa wa hariri. Kwa hiyo kigae kilisema “ng'aa” na vikombe vikasema vingine. Mara nyingine umeme ulikatika joko likiwa kileleni, nikakuta vyombo vya rafu ya juu vimetoka tofauti na vya chini ndani ya mchomo mmoja. Siku hizi vigae nachoma ndani ya joko kubwa, katikati ya vikombe, na kila kigae nakifinyanga kisimame wima juu ya kitako chake ili nione glezi inashuka kiasi gani. Juu nakichovya mara mbili, chini mara moja. Unene unabadilisha rangi kuliko watu wanavyodhani, na kuupima si kazi ya macho. Nina bomba la sindano la duka la dawa: navuta mililita 50 za glezi, naziweka kwenye mizani, na nataka nione gramu 72 au 73. Zikipungua, glezi ni nyepesi. Zikizidi, naongeza maji. Chombo hicho cha bei ya soda kimeniokolea vikombe vingi kuliko kitabu chochote.

Sehemu inayobaki ni ya utunzaji, na haina utamu wa kusimulia. Majivu kutoka kwa wachoma matofali wawili hayafanani. Mmoja anachota na udongo wa chini, na chuma kilichomo kinatia glezi weusi. Kwa hiyo nanunua shehena moja kubwa, naichanganya yote pamoja ikiwa imelowa, naihifadhi kwenye mapipa yenye tarehe. Pipa jipya haliingii kazini mpaka lichomwe bega kwa bega na la zamani. Daftari linaandikwa kila mchomo, hata ule usio na jipya. Nabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo kanuni ngumu kuliko zote kuifuata, maana mkono unawasha.

Nikiwa Dar es Salaam huwa nafika Kunduchi kwenye makaburi ya kale. Kwenye nguzo zake wajenzi walipachika sahani na mabakuli ya kaure kutoka ng'ambo, na mahali pengi kilichobaki ni shimo la duara, bakuli limeshabanduliwa. Vilevile Kilwa na Gedi vigae vya glezi ya Kichina vinaokotwa mpaka leo, vimekaa kwenye chumvi na mvua ya pwani kwa karne nyingi na bado vinang'aa. Ile ya kijani kibichi ya Longquan inatokana na chuma kidogo tu, asilimia moja au mbili, kwenye moto ulionyimwa hewa. Chuma kile kile kwangu, kwenye joko la umeme lenye hewa tele, kinatoa asali.

Sidai kwamba glezi ndiyo kilele cha ufinyanzi. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na ambaye vyombo vyake vimo kwenye makumbusho makubwa ya dunia, hapaki glezi. Anasugua udongo na kuuachia moto na moshi. Miaka ya 1970 alikwenda Nigeria kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja, kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew. Pale alijifunza kwa Ladi Kwali, mwanamke ambaye mitungi yake ya asili ya Kigwari ilipakwa glezi na kuchomwa kwa moto mkali, na ambaye picha yake imo kwenye noti ya naira 20. Wanawake wawili, kituo kimoja, na kila mmoja akafuata moto wake. Bibi yangu angemwelewa Odundo upesi zaidi.

Mimi nimebaki na vikombe. Nawe ukinunua kikombe au bakuli la udongo lenye glezi, la kwangu au la fundi mwingine, muulize aliyelitengeneza mambo mawili: je, ndani mna risasi, na je, amewahi kulilaza na limau? Akisita kujibu, nunua ukipenda, lakini litumie kuwekea kalamu.